Glavu Haikuharibika kwa Ujinga

Ijumaa, 22 Juni 2018. Asubuhi joto la kunata, vumbi hewani, vioo vya dirisha vimeloa kwa nje kama vimemwagiwa maji. Sikwenda ibadani.

Owen, mtoto niliyemlea,

Siku zangu huwa naziandika kwa mistari mitatu au minne: hali ya hewa, kazi, nani amepiga simu kutoka nyumbani. Leo mistari minne haitanitosha, kwa hiyo nakuandikia barua, tena kwa Kiswahili. Hicho ndicho tulichozungumza jikoni wewe na mimi tangu ukiwa na miaka mitatu. Na baba yako akitaka kujua nimesema nini, itabidi akuombe wewe umsomee.

Nianze na pongezi. Ni haki yako na sikunyimi. Ulinieleza mwenyewe kwenye simu, ukihema kama mtu aliyetoka kukimbia, kwamba kila msimu wa vyuo ukiisha, watu wanaofuatilia besiboli Marekani nzima huketi wakachagua wachezaji bora, nafasi kwa nafasi, wakawapanga kikosi cha kwanza, cha pili na cha tatu. Vikosi hivyo havichezi mechi yoyote. Ni heshima tu. Wewe umewekwa kikosi cha kwanza, miongoni mwa warushaji.

"Anti, mtu akishaitwa hivyo mara moja, anaitwa hivyo mpaka anakufa," uliniambia. "Hata nikiwa mzee na kitambi."

Nilipiga kelele, Owen. Nilikuwa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli hapa Dubai, Al Muraqqabat, wiki ya Idi, hoteli imejaa, shuka zimerundikana kuliko urefu wangu. Nikapiga kelele hadi Kato, mlinzi wetu Mganda wa mlango wa wafanyakazi, akaja mbio akidhani mtu ameungua na pasi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Mtoto wangu amechaguliwa Marekani."

"Amechaguliwa nini, ubunge?"

"Besiboli."

Akakuna kichwa. "Ile ya kupiga kampira na gongo, halafu wengine wanasimama tu?"

"Hiyo hiyo."

"Sasa mama, dunia nzima iko kwa Kombe la Dunia, wewe unapigia kelele watu waliosimama?"

Nilimfukuza kwa taulo lililoloa. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba hata mzaha wake niliuona mtamu. Jumamosi ikatoka ile video ya chuo chenu, ya kukuhoji nyumbani kwenu. Nikaifungua wakati wa chai. Nikaona uwanja, nikaona ukirusha, mguu juu, mkono ukija kutoka chini kidogo ya bega kama ulivyozoea, na watu wakisimama kwenye viti. Nikakuona umekaa kwenye kochi kati ya wazazi wako, Sir na Madam, umenyoa vizuri. Sikungoja kuimaliza. Nikaituma kwenye kikundi cha ushirika wetu wa akina mama, nikaituma kwenye kikundi cha wafanyakazi wa hoteli. Nikaandika: "Huyu ndiye mtoto wangu."

Kisha nikarudi kwenye mashine zangu, nikaimalizia nikiwa nimesimama.

Wewe unajua kilichofuata kwenye video hiyo, lakini nitakiandika, kwa sababu kuna watu watakaosoma barua hii ambao hawakuiona. Mwanamume anayekuhoji anakuuliza safari yako ilianzia wapi. Unasema Dubai. Unasema tulikuwa na mfanyakazi Mwafrika, mama mzuri, tulimpenda sana. Mlimpenda. Umenitaja kama watu wanavyomtaja mbwa aliyekufa zamani. Halafu unaanza kucheka kabla ya kusema.

"Alikuwa hajui kitu! Alichukua glavu yangu ya ngozi akaitia kwenye mashine ya kufulia. Sabuni, maji ya moto, halafu akaikausha kwa moto. Nadhani alifikiri ni kiatu!"

Baba yako akapiga goti lake. Mama yako akafunika mdomo kwa mkono.

"Ilitoka ngumu kama ubao," ukaendelea. "Basi akasimama mbele yake akaanza kuiombea, yale mambo yao, uchawi fulani wa Kiafrika, labda ifufuke." Ukafumba macho. Ukatikisa mikono hewani. Ukatoa maneno ambayo si maneno ya lugha yoyote, wewe unayejua Baba Yetu kwa Kiswahili toka mwanzo hadi amina, kwa kuwa nilikufundisha mimi.

Mwenye kukuhoji alicheka mpaka akafuta machozi. Na baba yako akamalizia: "Ilibidi tuanze upya kabisa. Na tazama tulipofika."

Video ikaisha. Mimi tayari nilikuwa nimewatumia watu wote ninaowajua.

Nitakueleza wiki yangu ilivyokuwa. Jumapili Kato aliniita Mama Glavu. Nikacheka naye, maana Kato hana ubaya. Jumatatu nilikuta kiatu cha ngozi cha mtu wa jikoni kwenye kikapu cha nguo chafu, kimebandikwa karatasi: "Maji ya moto, tafadhali." Mimi ndiye msimamizi wa chumba kile. Ninawafundisha wasichana wapya kitambaa gani kinataka maji gani. Jumatatu hiyo mmoja wao, ambaye hajamaliza hata mwezi wa kwanza, aliniuliza kama nina hakika na hariri niliyoshika.

Hayo ya kazini ningeyavumilia. Lakini jana alikuja Mama Joy kutoka kwenye ushirika. Mimi hufundisha watoto kanisani kila Ijumaa, siku ya ibada yetu hapa, tangu ninyi mlipoondoka Dubai, na Joy wake ndiye anayekaa mbele kabisa. Mama Joy alisimama mlangoni, hakutaka kuingia, hakutaka soda.

"Dada Nekesa, mimi nakujua. Mimi sina shaka na wewe hata kidogo. Ni Baba Joy tu."

"Baba Joy ana nini?"

"Anasema kwa sasa Joy akae na sisi kwa ibada ya watu wazima."

"Kwa nini?"

"Si unajua. Ile video. Mambo ya kuombea vitu." Akashusha sauti kama anayemwogopa mtu nyuma yake. "Wazazi wengine pia wanaongea. Kaa pembeni kidogo, yapoe. Inshallah yatapita."

Mkristo anamwambia Mkristo mwenzake inshallah, ndivyo Dubai ilivyo. Lakini nilielewa. Darasa nililolishika miaka saba, watoto ninaowajua kwa meno yaliyong'oka, naambiwa nikae pembeni kwa sababu wewe ulitikisa mikono kwenye kochi.

Ndiyo maana leo sikwenda. Nimekaa kitandani, wenzangu wa chumbani wametoka, na nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nije nchi hii.

Unakumbuka nyumba yenu kule Mirdif? Mimi naikumbuka chumba kwa chumba, kwa kuwa niliisafisha chumba kwa chumba. Ulikuwa na miaka mitatu nilipofika, huongei na mtu. Madam alikuwa ameanza kazi, Sir alikuwa akitoka mapema kwenda uwanja wa ndege, na wewe ulikuwa ukikaa chini ya meza ya jikoni na gari lako la plastiki. Sikukulazimisha utoke. Nilikuwa nikikatia vitunguu juu ya meza hiyo na kuongea peke yangu kwa Kiswahili, nikitaja kila ninachoshika. Kijiko. Chumvi. Sufuria. Siku moja ikatoka sauti chini ya meza: "Sufuria." Nusura nijikate.

Unakumbuka ndege? Zilikuwa zikipita chini sana juu ya paa, tukawa na desturi yetu: ndege ikija, mtu anakata maneno katikati, anabaki mdomo wazi, ikishapita anaendelea pale pale. Mama yako alidhani tuna kichaa. Ulikuwa ukiomba chakula hivyo: "Anti, nataka man—" na mdomo wazi, macho kwenye dari, kelele zikipita zote, "—dazi."

Nilikupenda, Owen. Mimi siogopi kusema ni wakati gani. Nilikupenda wakati huo na sasa pia, na ndiyo sababu nakugombeza badala ya kunyamaza.

Ulipofika miaka kumi na miwili ukaanza kurusha kwa bidii. Au niseme, baba yako ndiye aliyeanza. Alikuwa amecheza hadi chuo, na hakuwahi kuwekwa kikosi chochote, cha kwanza wala cha tatu. Alikuwa akilisema jambo hilo mezani kila msimu majina yalipotangazwa huko kwao. Akachora mraba mweupe kwenye ukuta wa uani. Akanunua ndoo ya mipira. Kila jioni akirudi kazini, hata kabla ya kuvua tai, alivuta kiti cha plastiki akaketi, nawe ukarusha. Ndoo ikiisha mnaokota, mnaanza tena. Katika joto lile. Mimi nilikuwa nikitazama kwenye dirisha la jikoni, nikisikia ukuta ukigongwa, gum, gum, gum, hadi mwadhini wa Magharibi anaanza na kumaliza.

Sikujua sheria za mchezo huo na hadi leo sizijui vizuri. Sikujua mtoto anatakiwa arushe mara ngapi. Nilichokiona ni mtoto wangu akishika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Kisha nikaona huchani nywele. Kisha asubuhi moja ya shule nikakukuta chumbani kwako, shati wazi, unajaribu kufunga vifungo, na machozi yanatiririka kimya kimya.

Nikakufungia. Nilipogusa kiwiko chako ukauma midomo.

"Anti, usimwambie Daddy."

"Unaumwa."

"Wanachagua timu ya mashindano. Tafadhali. Nikichaguliwa nitapumzika."

Sikukutii. Nilimwambia mama yako siku ile ile. Alikuwa akipaka rangi ya midomo kwenye kioo. Akasema, "Nekesa, Sir amecheza mchezo huu. Anajua anachofanya. Khalas, yameisha." Nikangoja siku mbili, nikamwambia baba yako mwenyewe, uani, mikono yangu nyuma kama mwanafunzi.

Akaniuliza, "Kijijini kwenu mlikuwa mnacheza besiboli?"

"Hapana, sir."

"Basi."

Usiku huo nilifikiri kwa utaratibu, kama ninavyofikiri mambo yangu yote. Kukupeleka hospitali bila wazazi wako sikuweza. Bila glavu ya kudakia usingecheza, lakini kuificha kungekuletea wewe matatizo, ungeambiwa umeipoteza kwa uzembe. Kwa hiyo glavu ilibidi iharibike, na ilibidi aiharibu mtu mwingine, mtu ambaye kila mmoja angeamini mara moja kwamba ni mjinga. Katika nyumba ile mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Viatu vya baba yako vya ngozi, Owen, nilivipaka rangi kila asubuhi kwa miaka tisa. Mkoba wa mama yako niliufuta kwa kitambaa kikavu na mafuta yake maalumu. Ningeshindwaje kujua kwamba ngozi haifuliwi? Nilijua. Ndiyo maana niliifua.

Na wewe ulijua. Hapa ndipo penye hasira yangu yote, kwa hiyo soma polepole.

Ulirudi kutoka shule mapema siku hiyo. Ukaingia jikoni na begi mgongoni, ukasikia kitu kikigonga ndani ya mashine, ukachuchumaa mbele ya kile kioo cha mlango. Nilikuwa nakata nyanya. Sikugeuka.

"Anti. Hiyo ni glavu yangu."

"Ndiyo."

Ukaitazama ikizunguka kwenye povu.

"Umekosea?"

"Sikukosea."

Ukavua begi. Ukaketi kabisa sakafuni, miguu umekunja, ukaitazama hadi mashine ikasimama. Nilidhani utalia, nilidhani utakwenda kumpigia baba yako. Nikaitoa, inachuruzika, nikaiweka kwenye ile mashine ya kukaushia, na mkono wangu ukasita kwenye kitufe. Ndipo uliposema, kwa sauti ndogo sana:

"Weka ule moto mkubwa."

Nikauweka. Tukaketi wote wawili sakafuni tukisikiliza ikigongagonga. Uliegemeza kichwa begani kwangu, ukaanza kucheka, kisha cheko likageuka kilio, na mkono wako mbovu ulikuwa umelala kwenye paja langu kama kitu kisichokuwa chako. Ukajua na nikajua.

Baba yako alirudi na wageni wawili kutoka kazini. Aliishika glavu ile kwa vidole viwili mbele yao. Aliniita sebuleni. Unayakumbuka aliyoyasema? Ulikuwa kwenye ngazi, nilikiona kidole cha mguu wako. Aliniuliza kama nina macho. Aliniuliza kama kwetu tunafua mtoni na ng'ombe. Aliwaambia wale wageni, "Mnaona? Unaweza kuwapa mashine, huwezi kuwapa akili." Wakacheka kwa adabu, wakitazama glasi zao.

Nikasema, "Samahani, sir. Sikujua."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilikuwa na cheti changu kwenye sanduku. Nikasimama kwenye zulia nililolipiga brashi asubuhi ile na kusema sikujua, na kila mtu akaamini bila kujiuliza hata mara moja.

Walipotoka kwenda kula nje, nilisimama mbele ya ile glavu pale mezani nikaomba. Hilo ulilisema kweli. Lakini sikuomba ifufuke. Niliomba nisirudishwe Kenya, kwa sababu nilijiuliza, nikirudishwa kesho, nani atamfungia mtoto huyu vifungo? Niliomba kwa Kibukusu, lugha ya mama yangu, ambayo hukuielewa. Hiyo ndiyo uliyoiita uchawi.

Hawakunirudisha. Madam alininyima Ijumaa zangu, zote, hadi hasira za Sir zilipopoa, na sikuona kanisa kwa kipindi kirefu. Glavu nyingine iliagizwa kutoka Marekani na ikachelewa. Mashindano yakapita bila wewe. Mkono ukapumzika. Siwezi kusema mapumziko hayo ndiyo yaliyokuponya, mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja nilikuja chumbani kwako kukufungia shati nikakuta umeshalifunga, na umesimama unatabasamu kama uliyeshinda kombe.

Na usiku ule niliofokewa ulikuja kwenye chumba changu kile kidogo nyuma ya jikoni. Ulisimama mlangoni na pajama zako.

"Anti, nitawaambia."

"Usiseme kitu. Watanifukuza."

"Nikiwa mkubwa, basi. Nikiwa mkubwa nitawaambia."

"Ukiwa mkubwa sawa," nilisema. "Nenda ulale."

Sikukudai ahadi hiyo, Owen. Miaka yote hii tuliyopigiana simu sikuwahi kuigusa. Nilijua ni maneno ya mtoto. Ungekaa kimya hadi uzeeke ningekaa kimya nawe. Hata ungenisahau kabisa ningekubali. Hapa Dubai kuna wanawake wengi waliolea watoto wa watu, na watoto wale wakikua huwa wanakumbuka bwawa la kuogelea tu. Tunalizungumza na tunacheka.

Lakini wewe hukunisahau. Ulikumbuka kila kitu. Ulikumbuka sabuni. Ulikumbuka maji ya moto. Ulikumbuka hata kwamba nilisimama nikaomba, na ulikuwa huko juu kwenye ngazi gizani. Katika hadithi nzima umeondoa kitu kimoja tu, nacho ni kiwiko chako. Ukishakiondoa hicho, mimi nabaki mwanamke mjinga na mashine.

Wiki nzima nimekutafutia udhuru. Nimesema, labda aliulizwa ghafla. Nimesema, labda kicheko kilimbeba. Nikaitazama tena video, nikatazama uso wako tu, sauti nimeizima. Kabla ya kuanza hadithi ulimtazama baba yako. Ulipoimaliza ulimtazama tena, kuona kama amecheka. Basi nikajua. Siku ya heshima yako kubwa kuliko zote, na bado ulikuwa unampa mtu yule kitu cha kumfurahisha, na kitu chenyewe kilikuwa mimi.

Halafu jana, Mama Joy hajafika hata kwenye lifti, ukaja ujumbe wako. Ninaunakili hapa ulivyo: "Anti!!! Tunakuja Dubai mwezi wa nane, mimi na Mom na Daddy. Watu wa video wanakuja pia, wamependa sana ile stori. Wanataka uigize kidogo tu, wewe na mashine na glavu. Itachekesha! Watu wanakupenda huku." Na vichwa vinavyocheka, safu nzima.

Uniweke mbele ya mashine. Nitie glavu ndani yake. Nifumbe macho nitikise mikono, na baba yako akiwa amesimama nyuma ya kamera. Mimi nina miaka hamsini na moja, Owen. Wasichana ninaowasimamia wataitazama. Joy ataitazama.

Sitaigiza. Jibu lako ndilo hilo.

Sasa sikiliza ninachotaka. Sitaki samahani ya kunong'ona kwenye simu. Uliniaibisha mbele ya watu, umekaa vizuri, umenyoa, kati ya wazazi wako wawili. Utanisafisha vivyo hivyo. Uketi kwenye kochi lile lile, uwaambie kwamba Anti alijua ngozi haifuliwi, na kwamba alikuwa amekwenda kwa Madam na kwa Sir kabla ya kwenda kwenye mashine. Uwaambie ni nani aliyesema moto mkubwa. Uwaambie sala ni sala. Na umwambie baba yako kwa Kiingereza, ana kwa ana, sio kwa barua wala kwa kamera kwanza, kwa sababu hilo ni lenu ninyi wawili na limengoja muda mrefu.

Usiogope kwamba heshima yako itapungua. Watu wale walichagua mkono wako, na mkono ni wako. Mimi sikukufundisha kurusha hata mara moja. Nilichokupa ni wiki kadhaa za kutorusha, na ukitaka useme kweli jinsi ulivyofika hapo, wiki hizo zimo.

Ukifanya hivyo kabla ya mwezi wa nane, njoo Al Muraqqabat, nitakupikia, na wazazi wako pia wakitaka kula chakula changu watakuta kipo. Usipofanya, pitia Dubai salama na usinitafute. Barua hii kesho nitaituma kwenye vikundi vile vile viwili nilikotuma video yako. Kwa Kiswahili, ili kila aliyecheka asome. Leo nakutumia wewe kwanza, kwa sababu ndivyo nilivyokulea: jambo lako ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wengine.

Kula vizuri. Ukirusha, funga kiwiko kwa kitambaa cha joto baadaye. Siombi kibali cha kukuambia hilo.

Ni mimi niliyekufungia vifungo,
Anti yako, Nekesa.

Nimekutumia saa tatu usiku. Saa nne na nusu nimeona umeisoma. Ukaandika, ukafuta, ukaandika tena. Mwishowe yakaja maneno matatu: "Anti, Daddy atakasirika."

Nikakujibu: "Akasirike. Mimi alinikasirikia, na niko hapa."

Nimezima simu. Nimelala saa sita na dakika kumi.